Kapteni wa Ndege Hapatikani kwa Mwaka Mmoja

Mazungumzo ya Bwana Shamba, Isevya, Tabora



Kwa kawaida safu hii huzungumza juu ya mahindi, tumbaku, mizinga ya nyuki na chanjo ya kuku. Mwezi huu tutazungumza juu ya ndege, lakini si ndege waharibifu wa mtama. Ni ndege za abiria, zile zinazopita juu ya paa zetu zikienda kutua uwanja wa Tabora.

Huenda utauliza, bwana shamba ana habari gani na marubani? Jibu ni kwamba swali limeletwa kwangu na wazazi, na ndani ya swali hilo kuna ng'ombe, shamba na pesa za tumbaku. Mambo hayo yananihusu.

Mzazi mmoja wa hapa Isevya ana kijana aliyemaliza kidato cha sita. Kijana anataka kuwa rubani. Amepata mtu aliyemwambia maneno haya: "Lipa pesa sasa. Baada ya mwaka mmoja utakuwa kapteni wa ndege kubwa." Mzazi anauliza: "Je, niuze ng'ombe zangu?"

Nimesoma sheria za leseni za marubani na kuuliza watu wanaoijua kazi hiyo. Jibu langu kwa kifupi ni hili. Kijana anaweza kuwa rubani. Hakuna sheria inayomzuia mtoto wa mkulima. Lakini hakuna mtu duniani anayekuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria kwa mwaka mmoja. Anayesema hivyo hajui, au anadanganya.

Sasa tusome pamoja ili tujue kwa nini.

WAZEE WETU WALIIJUA NJIA HII

Sisi watu wa Tabora hatupaswi kushangazwa na jambo hili. Katika karne ya 19, misafara mikubwa ilitoka Bagamoyo ikaja Unyanyembe, yaani hapa kwetu. Mingine iliendelea hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja aliweza kubeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Safari ya kutoka pwani hadi hapa ilichukua miezi miwili, mitatu au zaidi.

Mbele ya msafara alitembea mtu mmoja aliyeitwa kirongozi. Huyo ndiye aliyeijua njia. Alijua visima viko wapi katika pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe. Alijua siku gani msafara ulale na siku gani uendelee. Akikosea maji, watu walikufa.

Je, kirongozi alipatikanaje? Hakununua cheo. Alikuwa mtu aliyekwisha kuipita njia ile mara nyingi. Alikwenda kwanza na mzigo kichwani kama wengine. Aliona kiangazi, akaona masika. Wenzake walipomwamini, ndipo walipomfuata.

Kapteni wa ndege ni kirongozi wa siku hizi. Leo ndege inakwenda moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa muda usiofika saa mbili. Njia imekuwa fupi, lakini sharti ni lile lile. Anayeongoza lazima awe amekwisha kuipita njia mara nyingi, kwa jua na kwa mvua, mchana na usiku.

Tofauti ni moja. Zamani uzoefu wa mtu ulihesabiwa kwa safari alizokwenda. Siku hizi uzoefu wa rubani unahesabiwa kwa saa alizokuwa angani. Kila saa inaandikwa katika daftari lake. Mnanunuzi wa tumbaku hapokei mtumba mpaka uwe umepimwa kwenye mizani. Na rubani hapokewi mpaka saa zake zihesabiwe.

NGAZI YA KWANZA: SHULE NA AFYA

Mtoto anayetaka kuwa rubani aanze darasani. Masomo anayohitaji sana ni hisabati, fizikia, jiografia na Kiingereza. Rubani hupiga hesabu za uzito, mafuta, upepo na umbali. Tena hupiga hesabu hizo upesi.

Kiingereza ni lazima, kwa sababu marubani na waongoza ndege wa nchi mbalimbali huzungumza kwa redio kwa lugha hiyo. Kuna mtihani wake. Vipimo ni sita, na rubani lazima afikie kipimo cha nne au zaidi. Aliye kwenye kipimo cha nne hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu.

Halafu kuna afya. Rubani wa kazi lazima apate cheti cha afya cha daraja la kwanza. Daktari aliyeidhinishwa hupima macho, masikio, moyo, mapafu, damu na akili. Hupima pia kama mtu anaweza kutofautisha rangi. Kuvaa miwani si kosa, mradi anaona vizuri akiwa ameivaa. Cheti hiki kwa kawaida hupimwa upya kila mwaka, na kwa rubani aliyepita umri wa miaka 60 hupimwa kila miezi sita.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kipimo cha afya kitangulie ada. Kijana apimwe kwanza na daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Itakuwa huzuni kubwa kuuza ng'ombe, kulipa ada, kisha kuambiwa kwamba macho ya kijana hayatambui rangi. Hata shamba hatulilimi kabla ya kujua udongo wake.

NGAZI YA PILI: LESENI TATU

Leseni za marubani wa ndege ziko za namna nyingi. Sisi tutazame tatu tu, maana hizo ndizo ngazi za kupandia.

Leseni ya kwanza ni ya rubani binafsi. Mtu awe na umri wa miaka 17 au zaidi. Awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 kama amesoma kozi maalumu iliyoidhinishwa. Katika saa hizo, saa 10 awe ameruka peke yake, bila mwalimu. Mwenye leseni hii anaweza kurusha ndege ndogo, lakini haruhusiwi kulipwa kwa kazi hiyo. Ni kama mtu anayelima bustani ya nyumbani. Mboga anakula, lakini hajaanza biashara.

Leseni ya pili ni ya rubani wa biashara. Umri ni miaka 18 au zaidi. Awe na saa 200 angani, au 150 kama amesoma kozi iliyoidhinishwa mfululizo. Awe amefanya safari moja ya kilomita 540 au zaidi akiwa yeye ndiye rubani mkuu, na kutua katika viwanja viwili tofauti. Umbali huo ni kama robo tatu ya njia ya anga kutoka Tabora hadi Dar es Salaam. Mwenye leseni hii anaweza kulipwa. Lakini bado hawezi kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria.

Leseni ya tatu ni ya rubani wa ndege za mashirika. Hii ndiyo ya juu. Umri ni miaka 21 au zaidi. Awe na saa zisizopungua 1,500 angani. Kati ya hizo, saa 100 ziwe za usiku, na saa 75 ziwe za kuruka kwa kutazama vyombo tu, kama mtu anayepita ndani ya wingu asione chini wala mbele. Tena afaulu mitihani ya kuandika na ya vitendo. Bila leseni hii, hakuna ukapteni wa ndege kubwa.

Sasa tupige hesabu. Kijana ametoka chuoni na saa 200. Anahitaji 1,500. Amepungukiwa na saa 1,300. Tuseme amepata kazi na anaruka saa 50 kila mwezi. Gawanya 1,300 kwa 50. Jibu ni miezi 26, yaani miaka miwili na miezi miwili. Hiyo ni kama amepata kazi mara moja, na kama kazi haikukatika. Wengi huchukua muda mrefu zaidi.

Je, mnaona sasa? Ile habari ya mwaka mmoja imekwisha kuanguka kwa hesabu ya darasa la tano tu.

NGAZI YA TATU: KAZI YA KWANZA

Hapa ndipo penye ugumu ambao wazazi wengi hawaambiwi. Leseni si kazi. Leseni ni ruhusa ya kutafuta kazi.

Shirika la ndege likitaka rubani, hutoa tangazo. Katika tangazo huandika leseni inayotakiwa, cheti cha afya, kipimo cha Kiingereza na idadi ya saa. Mara nyingi huuliza pia saa alizoruka katika aina ile ile ya ndege waliyo nayo. Sheria imeweka kipimo cha chini, lakini shirika lina haki ya kuomba zaidi. Kisha mwombaji huulizwa maswali, hufanya mtihani, na hujaribiwa katika mashine inayoiga ndege. Mashine hiyo iko chini, haipai. Lakini ndani yake kuna viti, vyombo na madirisha kama ya ndege yenyewe. Mwalimu anaweza kuzima injini moja, au kuleta moshi na radi, atazame kijana atafanya nini.

Kijana mwenye saa 200 hukutana na tatizo. Mashirika yanataka uzoefu, naye hana uzoefu kwa sababu hajapata kazi. Afanye nini?

Hapa Tanzania wengi huanzia kwenye ndege ndogo. Kampuni za ndege ndogo huchukua watalii na abiria wengine kwenda Serengeti, Zanzibar, Mafia na kwingineko. Ndege moja inayotumika sana katika kazi hiyo ina injini moja na hubeba abiria kama 12. Inaitwa Cessna Caravan. Maana ya neno hilo Caravan ni msafara. Basi kijana wa Tabora akianza kazi katika ndege hiyo, ameanza palepale walipoanzia babu zake, yaani katika msafara.

Kazi hiyo si ya kudharau. Rubani hutua kwenye viwanja vya udongo. Hutazama kama pundamilia wako njiani. Hupakia mizigo na kuipima. Hapo ndipo anapojifunza upepo, mvua na kujitegemea. Saa zinaingia katika daftari moja moja.

Wengine hubahatika kuchukuliwa na shirika kubwa wakiwa na saa chache, wakafundishwa na shirika lenyewe. Hao huwa wasaidizi wa kapteni, na mara nyingi hutia sahihi mkataba wa kulitumikia shirika kwa miaka kadhaa. Wengine huwa walimu katika vyuo vya urubani, wakapata saa kwa kuwafundisha wengine.

Nchi hazifanani katika jambo hili. Huko Marekani, Februari 2009, ndege ya abiria ilianguka karibu na mji wa Buffalo, wakafa watu 50. Baada ya msiba huo sheria ilibadilishwa. Tangu mwaka 2013, hata msaidizi wa kapteni katika mashirika ya abiria ya Marekani lazima kwa kawaida awe na saa 1,500. Katika nchi nyingine nyingi, pamoja na zetu za Afrika Mashariki, msaidizi anaweza kuanza na leseni ya rubani wa biashara, mradi amefundishwa aina ya ndege anayoirusha.

Neno hilo la aina ya ndege ni muhimu. Rubani haruki kutoka ndege moja kubwa kwenda nyingine kama mtu anayebadili baiskeli. Shirika letu la Air Tanzania lina ndege za Q400 zenye mapanga, zinazobeba abiria 76. Lina pia Airbus A220 na Boeing 787, ambazo ni za jeti. Kila aina ina kozi yake, mtihani wake na kibali chake katika leseni.

NGAZI YA NNE: KUWA KAPTENI

Katika ndege kubwa ya abiria wanakaa marubani wawili mbele. Kapteni hukaa kushoto. Msaidizi hukaa kulia. Kapteni ana mistari minne begani. Msaidizi kwa kawaida ana mitatu au miwili.

Usidhani msaidizi ni tarishi. Naye ni rubani kamili. Mara nyingi hupokezana na kapteni: huyu akirusha safari ya kwenda, yule hurusha ya kurudi. Lakini neno la mwisho ni la kapteni. Mafuta yakitiliwa shaka, kapteni ndiye anayekataa kuondoka. Mvua ikizuia kutua Tabora, kapteni ndiye anayeamua kurudi au kwenda kiwanja kingine. Abiria wote wako mikononi mwake.

Msaidizi hupandishwaje? Kwanza awe na ile leseni ya juu. Pili awe na saa ambazo shirika lake linataka, na mara nyingi ni nyingi kuliko 1,500. Tatu, katika mashirika mengi, angojee zamu yake. Aliyeingia kazini mapema hutangulia. Nafasi ya kapteni hupatikana mtu akistaafu, akihama, au shirika likinunua ndege mpya. Nne, asome kozi ya ukapteni na kujaribiwa katika mashine. Tano, aruke safari za kweli akiwa katika kiti cha kushoto, na pembeni yake akae kapteni mwalimu anayemtazama. Akishindwa, hurudi kwenye kiti cha kulia.

Tena mitihani haiishi. Hata kapteni mzee hupimwa ufundi wake mara mbili kila mwaka. Akifika umri wa miaka 65, huacha kurusha ndege za abiria katika safari za nchi hadi nchi.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Kenya. Irene Koki Mutungi alianza kujifunza urubani Nairobi, katika uwanja wa Wilson, kisha akaenda Marekani kupata leseni ya biashara. Mwaka 1993 aliajiriwa na Kenya Airways. Alikuwa rubani mwanamke wa kwanza katika shirika hilo, na kwa miaka sita alikuwa peke yake. Mwaka 2004 akawa kapteni. Mwaka 2014 akawa kapteni wa Boeing 787.

Hesabu mwenyewe. Kutoka 1993 hadi 2004 ni miaka 11. Kutoka 2004 hadi 2014 ni miaka 10 mingine. Huyo alikuwa hodari, na baba yake pia alikuwa rubani. Hata hivyo alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Na nyinyi wazazi wenye mabinti, mfano huu uwafae. Leseni haiulizi kama mtu ni mwanamume au mwanamke.

SAA NYINGI PEKE YAKE HAZITOSHI

Lazima niseme jambo jingine, tusije tukadhani kwamba saa ni kila kitu.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife cha nchi ya Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana zikiwa chini, uwanjani. Kulikuwa na ukungu mzito. Watu 583 walikufa. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege kugongana au kuanguka iliyoua abiria wengi kuliko hiyo.

Mmoja wa makapteni hao alikuwa na saa zaidi ya 11,000. Alikuwa mwalimu mkuu wa marubani katika shirika lake la Uholanzi. Alianza kukimbiza ndege ili ipae kabla ya kupewa ruhusa. Ndani ya chumba chake, fundi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Kapteni akajibu kwamba imetoka. Wenzake hawakumbishia tena, kwa kuwa alikuwa mkubwa wao. Ndege nyingine ilikuwa bado iko mbele yao.

Tangu msiba huo na mingine iliyofuata, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani kazi ya pamoja. Msaidizi hufundishwa kusema bila woga anapoona hatari. Kapteni hufundishwa kusikiliza. Leo mtu asiyesikiliza wenzake anaweza kunyimwa ukapteni hata kama ana saa nyingi.

Somo hili ni letu pia. Mwenyekiti wa chama cha msingi anayewanyamazisha wanachama, na baba asiyesikia neno la mke wake wala la watoto, wote wanapita katika ukungu. Ukubwa ni wa kubeba lawama na kusikiliza, si wa kufunga masikio.

PESA

Sasa turudi kwenye ng'ombe.

Masomo ya urubani ni ghali sana, kwa sababu kila saa angani inakula mafuta, mwalimu na matengenezo. Kufikia leseni ya biashara, pamoja na vibali vinavyotakiwa na waajiri, gharama inaweza kupita shilingi milioni 100. Tuseme ng'ombe mmoja anauzwa milioni moja. Hao ni ng'ombe zaidi ya 100. Na mwisho wake kijana atakuwa na leseni ya pili tu, bado anatafuta kazi.

Mwenye uwezo huo na afanye, lakini afanye akijua. Asiye na uwezo huo asiuze shamba. Shamba likienda, watoto wengine watakula nini? Akiuza nusu na pesa zikaishia njiani, kijana atabaki na saa 60 katika daftari. Saa 60 hazimpi mtu mshahara.

KABLA HUJATOA HATA SHILINGI

Ndugu mzazi, fanya mambo haya kwa utaratibu.

1. Kijana apimwe afya ya daraja la kwanza kwanza.

2. Ulizeni TCAA kama chuo hicho kina kibali. Msiridhike na karatasi yenye mhuri tu. Pigeni simu au nendeni ofisini kwao.

3. Kama chuo kiko nje ya nchi, ulizeni TCAA namna leseni yake itakavyotambuliwa hapa nyumbani. Leseni ya nje haitumiki hapa hivi hivi. Kuna taratibu na mitihani.

4. Takeni gharama yote kwa maandishi, tangu siku ya kwanza hadi leseni. Ulizeni bei ya kila saa ya nyongeza, maana wanafunzi wengi hawamalizi kwa saa zile za chini.

5. Msimlipe mtu mfukoni. Lipeni chuo chenyewe, kwa akaunti ya chuo, na mpate risiti.

6. Mtu akiahidi kazi ya ukapteni kwa malipo, mkataeni na mpelekeni polisi. Mashirika ya ndege hutangaza nafasi zake hadharani. Hayatumi watu kuzunguka nyumba kwa nyumba.

7. Ulizeni habari za ufadhili na mikopo kwa TCAA na kwa vyuo vyenyewe kabla ya kugusa mali ya nyumbani.

Tena msisahau kwamba urubani si mlango pekee. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam, yaani NIT, kinafundisha ufundi wa ndege. TCAA ina chuo chake cha kufundisha waongoza ndege. Rubani hawezi kupaa bila fundi aliyetia sahihi, wala hatui kwenye kiwanja kikubwa bila mwongozaji kumpangia zamu. Ni kazi za heshima, na gharama yake haifanani na ile ya saa za angani. Kijana anaweza kuwa fundi kwanza, akapata mshahara, kisha akajilipia urubani polepole.

Nimemjibu mzazi yule hivyo. Ng'ombe wabaki zizini mpaka kijana apimwe, na mpaka TCAA ijibu juu ya chuo. Ndoto ya kijana asiivunje, maana ni ndoto nzuri. Ila aipande kwa msimu wake. Mche wa tumbaku ukitolewa kitaluni kabla ya siku zake hufa shambani. Ukikomaa, huvumilia jua.

MANENO YA KUKUMBUKA

Rubani: mtu anayerusha ndege.
Kapteni: rubani mkuu mwenye neno la mwisho ndani ya ndege.
Leseni: ruhusa ya serikali ya kufanya kazi fulani.
Uzoefu: ujuzi anaoupata mtu kwa kufanya kazi kwa muda mrefu.
Ufadhili: msaada wa pesa za masomo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Rubani wa biashara ana saa 200. Akiruka saa 40 kila mwezi, atafikisha saa 1,500 baada ya miezi mingapi?
2. Kwa nini cheti cha afya kitangulie ada?
3. Kirongozi wa msafara na kapteni wa ndege wanafanana kwa mambo gani?
4. Tunajifunza nini kutokana na ajali ya Tenerife katika uongozi wa kijiji chetu?
5. Mtu akija kijijini akiahidi kazi kwa malipo, tufanye nini?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Wasomeeni majirani ambao bado hawajajua kusoma.